Jua Liko Nje, Sisi Tuko Ndani: Vitamini D na Mwenye Kisukari

  Kama uko jikoni, endelea na mapishi, sauti itakufikia. Kama uko ndani ya daladala na dereva amekubali kupunguza muziki ili tusikilizane, mpe shukrani zangu.

Leo nazungumza na wenye kisukari, na wale wanaoishi nao nyumba moja. Siku hizi kuna kidonge kinachotajwa sana, cha vitamini D. Kinauzwa kwenye maduka ya dawa, kinauzwa kwenye simu, kinauzwa hata na jirani aliyeletewa mzigo kutoka Dubai. Na kila kinapouzwa kina hadithi yake. Huyu anasema kinashusha sukari. Yule anasema kinaondoa ganzi ya miguu. Mwingine anakwenda mbali zaidi, anasema ukikimeza miezi mitatu utaachana na dawa zako za kliniki.

Basi tuyaweke maswali mezani. Je, mwenye kisukari ana haja ya kujali vitamini D? Je, kuimeza kunashusha sukari? Na lile ambalo watu huuliza huku wakicheka: inakuwaje mtu wa Tanga, au Mombasa, au Kigoma, aambiwe amepungukiwa na vitamini inayotokana na jua? Jua hili hili linalotuchoma?

Nianze na hili la kuchekesha, maana tukilielewa, mengine yatakuwa mepesi.

Vitamini D, msikilizaji, sehemu kubwa hatuipati kwenye sahani. Tunaitengeneza wenyewe, kwenye ngozi. Ndani ya ngozi kuna kitu cha jamii ya mafuta, ndugu yake lehemu. Mionzi fulani ya jua ikikipiga, kinageuka kuwa vitamini D. Lakini hapo bado haijawa tayari kutumika. Inachukuliwa na damu hadi kwenye ini, ini linaibadilisha. Kisha inafika kwenye figo, na figo ndizo zinazoimalizia. Ngozi, ini, figo. Nakuomba uishike njia hiyo, na zaidi ulishike hilo la figo, kwa sababu tutalirudia.

Sasa, mionzi ninayoisema si jua lote unaloliona. Mionzi hiyo haipenyi kioo cha dirisha. Umekaa dirishani kwenye basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam, kioo kimefungwa, jua limekupiga bega moja safari nzima, umeshuka umelowa jasho. Umepata nini? Joto umelipata. Vitamini D, karibu na hakuna.

Halafu kuna jua la asubuhi. Hapa najua nitagombana na mabibi, na shikamooni nyote. Tumelelewa tukiambiwa mtoto aoteshwe jua la saa moja. Ni jua zuri, halimuunguzi mtoto, na mama naye anapata kukaa nje akapumua. Lakini saa hiyo jua liko chini sana, mionzi inapita njia ndefu angani, na ile tunayoitaka sisi inaishia huko huko juu. Inafika kwa wingi jua likishapanda, kama kuanzia saa nne hadi saa tisa hivi. Kujua huhitaji chombo. Simama nje utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inapata kidogo mno. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ndipo inapotengeneza.

Na ngozi yenyewe je? Weusi wetu ni kinga, unatuepusha na kuungua na unatupunguzia saratani ya ngozi. Lakini kinga hiyo inaifanya ngozi yetu ihitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi ya Mzungu, ili itengeneze kiasi kile kile. Umri nao una lake: ngozi ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ya kijana.

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini. Ana kisukari, mwaka wa nane huu. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, jua ndiyo kwanza linachomoza. Amevaa baibui na mtandio wake. Anapanda gari, anashuka, anaingia dukani, na duka lenyewe liko chini ya jengo refu, taa zinawaka mchana kutwa. Chakula analetewa. Anafunga saa kumi na mbili jioni. Jumapili yuko ndani na kazi za nyumbani zilizomsubiri wiki nzima. Niambie, msikilizaji, huyu mama jua la saa sita amelipata lini? Yuko katika nchi ya jua, naye analitazama kupitia mlango wa duka.

Bibi yake, aliyeishi Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, naye alijisitiri, pengine kuliko yeye. Lakini nyumba ile ilikuwa na ua. Uani ndiko kulikopepetwa mchele, kulikofuliwa, kulikosukwa nywele, kichwa wazi na mikono wazi, juu anga tupu, na hakuna mwanamume wa nje anayeona. Ua ule ulifanya kazi ambayo hakuna aliyeijua. Sisi tumehamia fleti. Fleti ina kibaraza cha kuanikia nguo, nacho kinatazamana na kibaraza cha jirani. Kwa hiyo mtu asije akasema nimelaumu vazi. Ninayemlaumu mimi ni mchora ramani wa nyumba.

Na jambo hili si letu peke yetu. Ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba wanalijua vizuri. Kule jua ni kali kupita kiasi, na upungufu wa vitamini D ni jambo la kawaida, kwa sababu joto limewafungia watu ndani, kwenye viyoyozi, kuanzia nyumbani hadi kwenye gari hadi ofisini.

Kinyume chake kiko hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya damu za Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili. Vitamini D yao ilikuwa juu, wastani wa 115 kwa kipimo kinachoitwa nanomoli kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho kikishuka chini yake madaktari wengi husema una upungufu. Na watu wale ni weusi kama sisi. Kilichonivutia ni kwamba hawakai juani kwa makusudi. Watafiti waliandika kwamba watu hao wanashinda nje sehemu kubwa ya siku, lakini jua la moja kwa moja wanalikwepa kila wanapoweza. Wakiona mti, wanakaa chini ya mti. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni lazima ujianike kama dagaa.

Haya. Sasa tuje kwa mwenye kisukari.

Watafiti katika nchi nyingi wamepima damu za watu na kukuta jambo linalofanana: wenye kisukari cha aina ya pili, hiki kinachowapata zaidi watu wazima, mara nyingi vitamini D yao iko chini kuliko ya wasio nacho. Na sababu ya kudhani kwamba mambo haya mawili yanahusiana ipo. Kongosho ndilo linalotoa insulini, na seli zake zina mahali maalumu pa kuipokea vitamini D. Zaidi ya hayo, seli hizo haziwezi kutoa insulini vizuri bila kalsiamu, na msimamizi mkubwa wa kalsiamu mwilini ni nani? Ni vitamini D.

Ukisikia hivyo unaona jibu limeshapatikana. Vitamini D imeshuka, sukari imepanda. Tuipandishe hii, ile itashuka. Polepole, msikilizaji. Jogoo huwika, kisha kunakucha, kila siku ya Mungu. Mchinje jogoo uone kama hakutakucha.

Hebu fikiri. Mtu mzito wa mwili, vitamini D yake nyingi hujificha kwenye mafuta, na damu yake ikipimwa inaonekana ndogo. Uzito huo huo ndio unaoleta kisukari. Mtu asiyetembea halioni jua, na kutotembea nako kunaleta kisukari. Aliyekwisha kuugua anazidi kukaa ndani. Sasa hapo nani amemleta nani?

Njia ya kujua ni kuchukua watu wengi, nusu uwape vitamini D, nusu uwape kidonge kinachofanana nacho lakini hakina kitu ndani, asijue mtu kapewa kipi, kisha ungoje. Kazi hiyo ilifanyika Marekani, ikiongozwa na daktari Anastassios Pittas wa Boston, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Walikuwa watu zaidi ya 2,400, wote sukari yao imeanza kupanda lakini haijafika kuwa kisukari. Walifuatiliwa kama miaka miwili na nusu. Kikatokea nini? Katika kila watu 100 waliomeza vitamini D, kama 24 walipata kisukari. Katika kila 100 waliomeza kidonge kitupu, kama 27. Umeona tofauti yenyewe? Ni ndogo kiasi kwamba wataalamu wa hesabu walisema ingeweza kuwa bahati tu. Lakini tuwatendee haki watafiti: wengi wa watu wale hawakuwa na upungufu tangu mwanzo. Ukimpa maji mtu asiye na kiu, huwezi kujua maji yanafanya nini.

Baadaye, mwaka 2023, matokeo hayo yaliunganishwa na ya Norway na Japani, yote ya watu ambao sukari yao imeanza kupanda. Yalipojumlishwa, hatari ya kuingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 15. Kwa hiyo kitu kipo, ila ni kidogo. Mwaka 2024 chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya homoni kilipendekeza vitamini D kwa watu wazima walio katika hali hiyo, na kikasema wazi kwamba ni pamoja na kubadili maisha, si badala yake.

Nami naongeza langu. Mwaka 2002, tena Marekani, watu wa aina hiyo hiyo waliofundishwa kula kwa mpango, kupunguza uzito kidogo na kutembea kama nusu saa siku tano kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Weka 15 hapa, weka 58 pale. Anayekuuzia kidonge hawezi kukutajia hiyo ya pili, kwa sababu kutembea hakuuzwi.

Na aliyekwisha kupata kisukari? Yule mama wetu wa dukani, akimeza vitamini D, sukari yake itashuka? Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa kama yeye yameonyesha mabadiliko madogo sana kwenye kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na mengine hayakuonyesha chochote. Wataalamu wa kisukari hawapendekezi vitamini D kama dawa ya kushusha sukari kwa mtu asiye na upungufu. Narudia, maana redio haina kurudisha ukurasa: vitamini D si dawa ya kushusha sukari. Haichukui nafasi ya metformini. Na insulini ndiyo usiseme kabisa. Mzazi mwenye mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza, ukisikia habari za Finland, kwamba watoto waliozaliwa mwaka 1966 na kupewa vitamini D tangu uchanga walionekana kupata kisukari hicho kwa uchache, ujue hizo zilikuwa habari za watoto ambao hawajaugua. Aliyekwisha kuugua, ukimkatizia insulini, siku chache tu zinatosha kumpoteza.

Sasa nasikia mtu anasema, basi haina kazi, tuzime redio. Nani kasema haina kazi?

Kazi yake ya kwanza ni mifupa na misuli, na hapa ndipo mwenye kisukari anapaswa kukaza masikio. Vitamini D ndiyo inayoufanya utumbo uchukue kalsiamu kwenye chakula. Ikipungua sana, mtoto anapata matege. Mtu mzima hapindi miguu. Mifupa yake inalainika polepole na kuuma, maumivu ya ndani, kiunoni, kwenye nyonga, kwenye mapaja. Misuli ya mapaja inalegea. Ukitaka kuiona dalili hiyo, mwangalie mtu anapoinuka kwenye mkeka. Zamani aliinuka tu. Sasa anashika ukuta, au anageuka kwanza apige magoti, au anamwita mjukuu: “Hebu nipe mkono, mwanangu.” Watu husema ni uzee. Huenda ni uzee. Huenda pia ni upungufu ambao unatibika.

Kwa mwenye kisukari, mambo haya hayaji peke yake. Mifupa ya wenye kisukari huvunjika kwa urahisi kuliko ya wengine, na miguu ikishapata ganzi mtu hajui vizuri anakanyaga nini. Macho nayo huenda yameanza kufifia. Ongeza mapaja yaliyolegea. Halafu saa nane za usiku anaamka kwenda haja ndogo, kwa sababu sukari iko juu na inamwamsha, choo kiko nje, na kizingiti kina unyevu. Akianguka hapo akavunjika nyonga, msikilizaji, kisukari chake kitakuwa kimepanda daraja jingine, kwa sababu mtu aliyelala kitandani hatembei, na asiyetembea sukari haishuki. Haya ndiyo madhara ya upungufu wa vitamini D ambayo mimi ningependa yazungumzwe kuliko hadithi za kuponya. Weka taa njiani. Kizingiti kikauke. Halafu ndipo tuzungumze vidonge.

Watafiti wameona pia kwamba wenye ganzi na maumivu ya miguu, na wenye vidonda visivyopona haraka, mara nyingi vitamini D yao iko chini. Ni kweli. Lakini mkumbuke jogoo wetu. Mwenye kidonda mguuni hatoki nje.

Sasa lile la figo nililokuomba ulishike. Kisukari cha miaka mingi huharibu figo. Na figo ndizo zinazoimalizia vitamini D. Figo zikidhoofu, unaweza kukaa juani, unaweza kumeza vidonge vya kawaida, na bado mwili ukakosa ile iliyokamilika. Mgonjwa wa namna hiyo wakati mwingine anahitaji aina nyingine, iliyokwisha kukamilishwa kiwandani, na hiyo inaandikwa na daktari kwa kipimo, kwa sababu ina nguvu. Kwa hiyo ukiwa na kisukari na figo zako hazijapimwa karibuni, fedha uliyotaka kununulia kopo la vitamini, ipelekee hicho kipimo kwanza. Ni mkojo na damu kidogo tu.

Je, kila mtu akapime vitamini D? Hapana. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho, na maabara za mijini zinazokifanya zinatoza pesa nyingi. Hata huko Ulaya na Marekani hawashauri kumpima kila mtu mzima mwenye afya. Anayefaa kupimwa ni mwenye dalili kama nilizozitaja, mwenye ugonjwa wa figo au ini, au aliyevunjika mfupa bila sababu kubwa. Hayo mwachie daktari wako ayapime.

Lakini ukipimwa, nina angalizo moja la karatasi ya majibu. Kuna namna mbili za kuandika kiasi cha vitamini D katika damu. Maabara moja inatumia nanogramu kwa mililita, nyingine inatumia nanomoli kwa lita. Kwa namna ya kwanza, upungufu wengi huuhesabu chini ya 20. Kwa namna ya pili, chini ya 50. Umeelewa balaa lake? Umeletewa karatasi imeandikwa 40. Arobaini ya nanogramu ni nzuri, nenda nyumbani. Arobaini ya nanomoli iko chini. Watu wawili wanalinganisha karatasi zao kwenye benchi la hospitali, mmoja anamwambia mwenzake, “Wewe mgonjwa kuliko mimi,” kumbe ni kinyume. Usisome namba peke yake. Soma na maneno madogo yaliyo pembeni yake.

Vidonge navyo vina mtego wa aina hiyo. Kuna vya uniti 400, vya uniti 1,000, na kuna vya uniti 50,000. Umesikia vizuri, elfu hamsini. Mtu mzima wa kawaida mahitaji yake ya siku ni uniti 600, na akizidi miaka 70 ni 800. Hicho cha 50,000 daktari humpa mwenye upungufu ameze mara moja kwa wiki, kwa wiki chache. Sasa mgonjwa anafika nyumbani, amezoea kwamba dawa ni asubuhi na jioni, anakimeza kila siku. Au anamgawia dada yake. Vitamini hii haitoki na mkojo ikizidi, inakaa kwenye mafuta ya mwili miezi na miezi. Ikizidi mno, kalsiamu inapanda katika damu. Na dalili zake ni zipi? Kiu kali. Kukojoa mara kwa mara. Kichefuchefu, choo kigumu, uchovu. Hebu sikiliza tena hizo mbili za kwanza: kiu, na kukojoa. Mwenye kisukari akizipata atasema nini? Atasema sukari imepanda. Ataongeza dawa ya sukari, kumbe kinachomsumbua ni kidonge cha vitamini, na figo zake zinaumia huku yeye akipambana na adui asiye yeye. Kwa hiyo ukienda kliniki, taja kila unachomeza, hata kile ulichopewa na jirani. Hasa hicho cha jirani.

Tumalizie na mambo ya kufanya, na hapa nitakwenda haraka kidogo.

Chakula: vitamini D iko kwenye samaki wenye mafuta kama vibua na jodari, kwenye kiini cha yai, kwenye maini, na kwenye uyoga uliokaushwa juani. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anakupa kalsiamu pia. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini vitamini D hauna. Na kama umeandikiwa vidonge, vimeze pamoja na mlo wenye mafuta kidogo, si kwa maji matupu alfajiri.

Jua: ushauri wangu kwa mwenye kisukari ni kutembea baada ya chakula cha mchana. Kutembea baada ya kula kunaisaidia sukari isipande sana, na saa hiyo kivuli chako ni kifupi. Kazi mbili kwa nauli moja. Yule mama wa dukani amwachie msaidizi duka, akunje mikono ya nguo pale inapowezekana, azunguke mitaa miwili mitatu. Ukichoka na jua, ingia kivulini, Wahadzabe wanafanya hivyo hivyo. Ukiwa unatumia insulini au dawa inayoweza kuishusha sukari ghafla, beba pipi mfukoni. Insulini yenyewe usitembee nayo juani wala usiiache kwenye gari, itaharibika na utakuwa unajidunga maji. Na viatu, tafadhali. Mtu mwenye ganzi akitembea pekupeku ufukweni au kwenye lami saa saba mchana, nyayo zinaungua naye hajui, hadi jioni anapoona malengelenge. Nimesema viatu, si kandambili iliyokatika.

Ndugu zetu wenye ualbino, ushauri wa jua hauwahusu. Ngozi yenu hutengeneza vitamini D kwa muda mfupi tu, na jua lina hatari kubwa kwenu. Kofia, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua, kama mlivyozoea.

Na wanaotusikiliza kwa intaneti huko Uingereza, kwenu hesabu ni tofauti. Kuanzia Oktoba hadi Machi mapema, jua la kule halitoshi kutengeneza vitamini D hata ukisimama nje kutwa. Serikali ya kule inashauri kila mtu afikirie kumeza uniti 400 kwa siku majira hayo, ambazo kopo litaandika mikrogramu 10, na wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mwaka mzima. Huko kidonge si anasa. Msisubiri kiangazi, wala msisubiri mtu awaletee kutoka nyumbani.

Muda wangu unakwisha, namwona fundi mitambo ananyoosha kidole. Wapo waliotuma maswali kuhusu ganzi ya miguu ambayo haiishi hata sukari ikiwa nzuri. Wengi wenu mmetaja kwamba mnameza metformini kwa miaka mingi. Hilo linanirudisha kwenye vitamini nyingine, B12, ambayo dawa hiyo inaweza kuipunguza mwilini, na ganzi yake inafanana sana na ganzi ya kisukari. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaizungumzia hiyo. Usiache dawa kwa sababu ya maneno yangu haya ya haraka. Ila uwe na karatasi na kalamu, uandike dawa zote unazotumia na mwaka ulioanza kila moja, uje nayo karibu na redio. Usiku mwema.